Kiwanja Kilichosamehewa

Vijana wa jumuiya yetu mliniomba niandike habari za kazi niliyoifanya hapa Toronto. Mlipomaliza kuniomba, kiongozi mmoja wa jumuiya, ambaye simtaji, akanipigia simu. Kwa adabu kabisa akaniambia niandike kuhusu baridi, kuhusu mashine, kuhusu mwanamke wa Tanga aliyevaa kofia ngumu katikati ya wanaume. Ila ile habari ya kituo cha mafuta cha Etobicoke niiache, maana imeshapita na watu wameshapoa. Nikamwuliza ni nani aliyepoa. Basi ninaanza na hiyo hiyo, na mengine nitayachomeka njiani.

Mimi ni Zuhura, na kazi yangu ilikuwa kupima ardhi. Mtu akitaka kununua kiwanja au kujenga, kampuni yetu ilitumwa kuangalia kama udongo na maji yaliyo chini yake ni safi au yamechafuka. Tulitoboa ardhi kwa mashine, tukatoa udongo, tukashusha bomba la plastiki ndani ya tundu, tukasubiri maji yajikusanye, tukayapeleka maabara. Kisha tukaandika tulichokikuta. Hiyo ndiyo kazi, na haina shukrani. Ardhi ikiwa safi, mteja anaona umempotezea muda. Ikiwa chafu, anakuangalia kana kwamba wewe ndiye uliyemwaga.

Kwanza niwaeleze habari za Caetano, maana bila yeye msingenielewa. Alikuwa Mgoa wa Nairobi, fundi wa mashine ya kutoboa, mwenye rozari iliyoning'inia kwenye kioo cha lori na ulimi usio na breki. Chuo kilinifundisha majina ya vitu. Caetano alinionyesha vilipo. Siku ya kwanza alinisikia nikiongea na mama yangu kwa simu, akazima mashine na kunisemesha kwa Kiswahili kilichokaa miaka bila kutumika. Aliniambia zile buti zangu za mpira zitaniua. Nilidhani ananitania. Kufikia adhuhuri vidole vya miguu nilikuwa sivisikii tena. Akatoa buti nyingine nyuma ya lori, kubwa kuliko mguu wangu, akanieleza kwamba buti ya kubana ni jokofu, na buti yenye nafasi ni blanketi, kwa sababu joto linakaa kwenye ile hewa. Mkumbuke hilo hata kama kazi yenu ni ya ofisini. Nimewaona vijana wetu wakisubiri basi Januari na viatu vya harusini.

Siku hizo tulinusa. Udongo ukitoka tu chini, unauweka kwenye mfuko, unaupasha joto kidogo ndani ya lori, unafungua na kunusa. Petroli mpya inachoma pua. Petroli iliyozeeka ardhini ina harufu nyingine, tamu na iliyooza, kama rangi ya mafuta iliyosahauliwa kwenye kopo. Caetano alikuwa hali pilipili mchana siku za kazi, ili pua isilewe. Mgoa kujinyima pilipili ni saumu kubwa kuliko Kwaresima. Leo kunusa kumekatazwa, na ni sawa, maana mvuke ule unaleta saratani. Kuna kifaa kinachonusa badala yenu na kuonyesha namba. Msinuse. Lakini harufu ikiwafuata yenyewe bila kuitafuta, msijifanye hamkuisikia.

Jambo la pili alilonifundisha ni kuuliza majirani. Alisema kabla hujaitoboa ardhi, mtafute bibi aliyekaa mtaa ule muda mrefu, umtoboe yeye kwa maswali. Wanaume watakwambia timu gani ya mpira ilishinda mwaka ule. Bibi atakwambia nani alimwaga nini wapi.

Na bosi wetu, Gordon, msije mkamwona shetani. Alianza kama sisi, na tope kwenye magoti. Caetano alipenda kusimulia jinsi Gordon kijana alivyotumwa kupima uwanja wa kanisa moja. Njiani akajaza petroli kwenye lori, akafika na glavu zilezile, akachukua sampuli. Maabara ikasema uwanja wa kanisa umejaa petroli. Padri akakosa usingizi, waumini wakaanza kutazamana, mpaka Caetano akauliza ni nani aliyeshika bomba la mafuta asubuhi ile. Gordon mwenyewe alicheka kila hadithi hii iliposimuliwa. Tulipendana, kwa namna ya watu waliogandishwa na upepo mmoja. Ndiyo maana yaliyofuata yaliniuma.

Sasa nije kwenye neno lenyewe. Ipo kanuni inayosema mradi mdogo, kwenye kiwanja kilichokuwa tayari cha biashara, unaweza kusamehewa tathmini kamili ya mazingira. Mwenye mradi anapeleka maoni mafupi ya mtaalamu kwamba hakuna sababu ya kuchunguza zaidi, na njia inafunguliwa. Sisemi kanuni yote ni mbaya. Mtu akitaka kugeuza duka la viatu kuwa duka la maua, ya nini kumtobolea sakafu? Lakini mtu anayetaka kufukia matangi ya petroli ardhini naye alipita kwenye mlango uleule.

Mtu huyo alikuwa Shabani. Wengi wenu mnamfahamu kwa sura, na wachache msiomfahamu, wazazi wenu wanamfahamu kwa fadhila. Ni wa Tanga kama mimi. Alianza kwa kubeba mizigo Malton, kwenye maghala ya uwanja wa ndege, kwa zamu za alfajiri, akaingia biashara ya kuosha magari, kisha vituo vya mafuta. Akifa mmoja wetu na mwili unatakiwa urudi nyumbani, Shabani hangoji kuombwa. Nayasema haya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ndiyo yaliyofanya jambo liwe gumu. Kusimama mbele ya mtu mbaya hakuhitaji magoti imara sana.

Shabani alinunua kiwanja cha kona karibu na maghorofa tunayokaa hapa Etobicoke, hapo palipokuwa na gereji ya matairi iliyobomolewa. Akaja kwetu kutaka yale maoni mafupi. Gordon akanipa kazi mimi, kwa kuwa mteja ni mtu wa kwetu na mimi mtaa naujua. Nilimkumbusha kwamba naishi hatua chache kutoka hapo. Akasema ndiyo vizuri, nitamaliza haraka.

Nilikwenda theluji ikiwa inayeyuka. Kiwanja kilikuwa kitupu, kimezungushiwa uzio, kimeinama kidogo upande wa mashariki. Nyuma yake ni jengo letu, na chini ya jengo, sakafu ya barabarani, kuna chekechea. Mashariki, kule maji yanakoelekea, kuna nyumba ndogo ya matofali ya mama mmoja wa Kiitaliano, mjane, tunamwita Bibi Pina. Nikafanya kama nilivyofundishwa. Nikabisha hodi.

Bibi Pina hakuniuliza nimetoka wapi. Aliniuliza kama ninapenda jibini. Akaniteremsha chumba cha chini ya nyumba, ambako marehemu mumewe alikuwa akining'iniza jibini kwenye kamba likauke. Kamba zilikuwepo, jibini hakuna. Akaniambia alishaacha miaka mingi, maana kila majira ya kuyeyuka kwa theluji jibini linashika ladha ya gari. Wanawe walimwambia ni uzee wa ulimi. Maofisa wa jiji walikuja mara moja wakamwambia afungue dirisha.

Niliinama karibu na ukuta. Harufu ilikuwa inatoka kwenye ufa kati ya sakafu na ukuta. Tamu, iliyooza, kama kopo la rangi. Nilimwuliza kabla ya gereji ya matairi palikuwa na nini. Akanitazama kama mtu aliyengoja swali hilo tangu ujana wake. Akasema palikuwa na pampu za petroli, na mwenye pampu alikuwa mtu mcheshi, na siku moja alifunga akaondoka, na hakumwona mtu yeyote akichimbua kitu.

Nilirudi ofisini nikamweleza Gordon. Nilisema siwezi kuandika kwamba hakuna sababu ya kuchunguza, sababu nimeinusa. Nikataka tupendekeze matundu machache tu ya kupimia, kazi ya siku moja au mbili. Gordon akafunga mlango. Hakupaza sauti. Alisema mteja hakuomba matundu, ameomba maoni kuhusu kanuni, na kanuni inauliza kiwanja kilikuwa cha biashara au la. Kilikuwa cha biashara. Harufu kwenye nyumba ya jirani haiko ndani ya mipaka ya kiwanja.

Nikamwambia, "Gordon, maji hayajui mpaka wa kiwanja, na wewe ndiye uliyenifundisha kuyafuata."

Akasema, "Zuhura, hatuandiki kuhusu maji. Tunaandika kuhusu kanuni. Tia sahihi."

Nikakataa. Nilisema nikitia sahihi yangu hapo, nitapita kila asubuhi mbele ya ile chekechea nikiwa nimeinamisha kichwa, na shingo yangu haikuzoea. Akampa mwingine, naye akatia. Miezi michache baadaye nikaambiwa kampuni inapunguza watu, na kwa umri wangu itanifaa kupumzika. Walininunulia keki. Niliikata mwenyewe, nikaigawa, nikachukua buti zangu nikaondoka. Mpaka leo wakiniuliza kama nilistaafu, nasema ndiyo, kama jino linavyostaafu.

Kabla sijaondolewa kazini nilimpigia Shabani. Nataka mlijue hili, kwa sababu linasemwa vingine. Sikumtajia lolote la ofisini; nilimwambia kama jirani kwamba nyumba ya Bibi Pina inanuka petroli ya zamani, na kwamba kabla hajafukia tangi lake jipya apime. Nikamkumbusha msemo tuliokua nao, kwamba mficha maradhi kifo kitamuumbua. Akacheka, akasema wataalamu wameshamwambia mambo yako sawa, na akaniuliza tangu lini mimi ninaombea biashara za watu wetu zianguke. Nikajaribu kueleza. Simu ikakatika, na haikuwa mtandao.

Basi habari ikatembea. Nilikwenda kwenye hitima ya mama mmoja Malton, nikakaa, na wanawake wawili wakakumbuka ghafla kwamba wana shughuli jikoni. Nilisikia kwamba nina kijicho. Nilisikia kwamba nimeolewa na Wazungu kwa akili. Rafiki yangu wa miaka mingi alinishika mkono akanisihi niache, kwa sababu Shabani ndiye aliyeusafirisha mwili wa kaka yake. Nilimjibu kwamba ninamwombea Shabani kila swala kwa ajili hiyo, na kwamba kesho yake ninakwenda kwenye kikao.

Kikao kilikuwa cha hadhara, cha kusikiliza majirani kabla ya kibali cha mwisho. Walikuja watu wa jengo letu, wazazi wa watoto wa chekechea, na Bibi Pina katika koti lake la kanisani, amebeba kipande cha jibini alichokining'iniza makusudi chini ya nyumba kwa wiki kadhaa. Alipopewa nafasi hakuhutubia. Alikiweka mezani mbele ya mwenyekiti, akakikata kwa kisu chake mwenyewe, akamwambia aonje. Mwenyekiti akashukuru, akasema ameshakula. Watu wakacheka, lakini niliona amekisogeza mbali na pua.

Zamu yangu ilipofika, kanuni za kazi zilinizuia kusema niliyoyajua kwa ajili ya kazi. Hazikunizuia kuwa jirani. Nikaeleza chumba cha Bibi Pina, nikaeleza mteremko ambao mtoto akidondosha mpira anaweza kuuona. Mwenyekiti, mtu mpole, akasema mradi umesamehewa tathmini kihalali na karatasi zote zimekamilika.

Nikamwuliza, "Sheria imemruhusu asichunguze. Je, imemkataza kuchunguza?"

Akafikiri. Akasema hapana, haijamkataza, ila kikao hakina uwezo wa kumlazimisha.

Shabani alikuwa amekaa mstari wa mbele. Nikamgeukia, nikamsemesha Kiswahili, mbele ya watu wote wasioelewa na wachache walioelewa. "Kaka Shabani, hakuna wa kukulazimisha. Ndiyo maana nakuomba wewe. Toboa hapo upande wa mashariki, uone. Ukikuta safi, nitakuja msikitini nikuombe radhi mbele ya kila mtu."

Aliinamisha macho. Wakili wake akamnong'oneza jambo. Mwenyekiti akauliza nimesema nini. Shabani akasimama mwenyewe na kusema kwa Kiingereza kwamba ni salamu za nyumbani. Msamaha ukathibitishwa.

Nilirudi kwa miguu na Bibi Pina. Hakuna aliyelia. Alisema mumewe alikuwa akishindwa karata kila Jumapili na kila Jumapili alirudi mezani. Nikamwambia sisi tuna ubishi wa aina hiyohiyo.

Walianza kuchimba majira ya kuchipua. Nilikuwa nasubiri lifti asubuhi moja, na mlango wa jengo ukafunguliwa, na harufu ikaingia kabla ya mtu. Nilitoka nje na ndala. Mashine ilikuwa imepasua tangi la chuma lililooza, na shimo likawa linajaa maji yenye rangi za upinde wa mvua juu yake. Mwendesha mashine alikuwa ameruka chini na ameziba mdomo kwa mkono. Wafanyakazi wengine walikuwa wamesimama mbali, hakuna anayejua aanze wapi, kwa kuwa hakuna aliyewaambia wangekuta nini. Na pale mlangoni walimu wa chekechea walikuwa wanawatoa watoto, mistari miwili, wameshika ile kamba yao ya kutembelea, wengine wamevaa kiatu kimoja. Kuna msichana mdogo alikuwa anajibana pua na kucheka.

Mtu angedhani nilifurahi. Niliwafokea wale wafanyakazi wazime injini na wakae upande unakotoka upepo, nikawafokea wazazi waliokuja kupiga picha, nikawapigia simu zimamoto, kisha nikaingia ndani nikatapika. Hasira ile sijaimaliza mpaka leo na sina mpango wa kuimaliza.

Matangi ya zamani yalikuwa zaidi ya moja. Petroli ilikuwa imetembea na maji chini kwa chini mpaka ukuta wa Bibi Pina. Chekechea ilihamishwa kwa muda. Malori yalibeba udongo kiangazi kizima, na nyumba ya Bibi Pina ikawekewa mabomba ya kunyonya hewa chini ya sakafu. Shabani aliuza kituo kingine ili alipie usafishaji. Na waliotoa yale maoni mafupi hawakuulizwa chochote na mtu yeyote, kwa kuwa kila kitu kilifuata kanuni. Hapo ndipo nataka mtie alama, ninyi mnaosomea mambo haya. Msamaha ule haukuwa na uongo hata mstari mmoja. Ulisema tu kwamba hulazimiki kutazama, na watu wazima wenye elimu wakausoma kana kwamba unasema hakuna cha kuona.

Shabani alikuja nyumbani kwangu usafishaji ukiwa unaendelea. Alikuja peke yake, alasiri, amekonda. Nikamkaribisha, nikapika chai ya tangawizi. Alikunywa nusu kikombe kabla ya kusema.

"Ulijua," akasema.

"Nilikwambia."

"Uliniambia mbele za watu, Dada."

"Nilikwambia kwenye simu kwanza. Ukakata."

Nje malori yalikuwa yanapita na madirisha yanatetemeka. Kisha akasema, "Ule msamaha walinipa wenyewe. Sikuuiba."

Nikamwambia, "Hukuuiba, kaka. Ndio ubaya wake."

Alimaliza chai, akashukuru, akaondoka. Tangu siku hiyo tukikutana misibani anapita upande wa pili. Wapo wanaosema ningemfuata kimyakimya mara ya pili na ya tatu, nimstahi. Labda. Lakini kimya nilikijaribu, na kimya hakina mtoto wa chekechea wa kumlinda. Wapo pia wanaosema mpaka leo kwamba mdomo wangu ndio uliolileta tangi pale. Hao siwajibu. Nikikutana nao nawauliza hali, naendelea na safari.

Gordon alinipigia mara moja. Alitaka nije kuzungumza na wafanyakazi wapya kuhusu usalama wa baridi. Nikasema nitakuja, nitaanza na buti na kumaliza na chumba cha Bibi Pina. Akasema atanirudia. Namngoja. Hotuba iko tayari.

Majira ya baridi yaliyopita nilipanda basi kwenda Malton kumwona dada yangu. Karibu na maghala, kwenye kiwanja kitupu kilichokuwa na tangazo la kituo kipya cha mafuta, nikaona mashine ya kutoboa imesimama, mlingoti juu, injini inanguruma. Tangazo lile nilikuwa nimeshalisoma, kama ninavyosoma kila tangazo la namna hiyo siku hizi; nalo lilisema kituo kimesamehewa tathmini, kimeruhusiwa kutochunguza chochote. Nikabonyeza kengele, nikateremka.

Shabani alikuwa amesimama ndani ya uzio, koti refu, mikono nyuma, anawaelekeza watu wa mashine pa kutoboa. Nikasimama kando ya barabara. Aliniona. Hakunisalimu, nami sikumsalimu. Mlinzi akanijia, kijana, akaniambia hapa ni eneo la kazi na nisogee. Nikamwambia njia ya miguu ni ya watu wote. Akamtazama Shabani, kusubiri amri. Shabani akamtikisia kichwa kwamba aniache, akageuka kutazama mashine.

Theluji ilikuwa inaanguka na buti zangu zilikuwa na nafasi ya kutosha. Nikabaki pale mpaka walipotoa udongo wa kwanza.